Sekunde Nne za Watewe

Ipo nchi moja, msiniulize ni ipi maana nami bado nina watoto wa kulea, ambayo raia wake wanajua kunyamaza kuliko watu wote duniani. Nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina bandari. Wao wana kimya, na wamekiundia wizara. Kila mwaka, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, saa nne kamili asubuhi, king'ora kinalia juu ya jengo la Wizara ya Ukumbusho, na nchi nzima inasimama wima kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Miezi Kumi na Saba. Mpishi anaacha ugali uungue. Kinyozi anaacha kichwa nusu. Mwizi na mwenye mali wanasimama wakitazamana, na kimya kikiisha wanaendelea pale walipoishia.

Jambo hili si la hiari. Sheria ya Kimya, kifungu cha tatu, inasema kwamba tangu mlio mrefu wa kufungua hadi mlio mrefu wa kufunga, hakuna mtu yeyote, wa cheo chochote, atakayesema, kutembea, kukohoa kwa makusudi wala kukaa. Maneno "wa cheo chochote" yaliingizwa na Rais wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe, siku aliyokuwa amekasirishwa na makamu wake, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuyafuta. Adhabu ni miaka sita gerezani. Mtu mmoja tu katika nchi nzima anaruhusiwa kutikisa kidole, tena kimoja, cha shahada, cha mkono wa kulia. Huyo ni mpima kimya.

Kwa miaka ishirini na tisa mpima kimya alikuwa Bwana Chambuso, mtu mwembamba wa suti ya kahawia, mpole, asiye na makuu. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo cha orofa ya juu kabisa, chenye kitufe chekundu, saa ya kupimia aliyoikuta hapo siku ya kuajiriwa, na dirisha linalotazama Uwanja wa Mashujaa. Aliipenda kazi yake kwa namna ambayo mkewe aliona inakaribia ugonjwa. Akiambiwa chakula tayari, husema anakuja baada ya sekunde arobaini, na zikihesabiwa zinakuwa arobaini. Alikuwa akijifariji kwamba hotuba za wakubwa zinaweza kuwa na mengi ndani yake, lakini sekunde haina mjomba serikalini.

Katika hilo alikosea, kama tutakavyoona.

Kwa wale wasioijua historia ya nchi hiyo, na wenyewe wengi hawaijui, nieleze kwa ufupi. Adui alivuka mpaka akaimeza nusu ya nchi. Dola Kuu, ambayo ni rafiki wa kila mtu, ilisikitika sana, ikatuma bendi ya matarumbeta, washauri watatu, na makasha mia nne ya viatu vya kijeshi, vyote vya mguu wa kushoto. Mshauri mmoja alipoteza maisha. Alikwamwa na mwiba wa samaki kwenye karamu ya ushindi. Watewe, watu maskini wa ng'ambo ya Mto Mbuko, hawakuwa na bendi. Walituma vijana elfu kumi na moja, wakaja kwa miguu na unga wao mgongoni, wakapigana pale mtoni miezi mitano, na elfu sita na ushei hawakurudi.

Leo hii barabara kubwa kuliko zote mjini ina jina la yule mshauri wa mwiba. Sanamu yake imesimama katikati ya uwanja, amepanda farasi, ingawa katika nchi hiyo hakuna farasi na yeye alikuwa akitembelea kiti cha kubebwa. Kitabu cha historia cha darasa la sita kimempa kurasa nne. Watewe wamepewa sentensi moja, chini kabisa, baada ya picha ya matarumbeta: "Pia walikuwepo wengineo." Kutokana na kitabu hicho, nyaraka zote za serikali zikawaita hivyo hivyo. Wakawa Wengineo.

Sasa, kimya chenyewe kwa mujibu wa katiba ni dakika tano. Hakiwezi kuzidi, kwa sababu Mtukufu Rais ana magoti. Dakika tano ni sekunde mia tatu, na sekunde hizo zinagawanywa kila mwaka na Kamati ya Mgawanyo wa Kimya. Bwana Chambuso alikuwa akipokea karatasi ya mgawanyo, akipiga mlio mrefu wa kufungua, mlio mfupi kati ya sehemu na sehemu, kisha mlio mrefu wa kufunga. Wananchi wanafuata kwenye ratiba walizogawiwa, wajue sasa hivi wanamsikitikia nani.

Mwaka wa kwanza baada ya vita, Watewe walipewa dakika mbili nzima. Watu walikuwa bado wanakumbuka harufu ya mto. Baadaye Dola Kuu ikajenga kiwanda cha soda, ikabidi iongezewe, na Watewe wakashushwa hadi sekunde tisini. Kisha yule adui wa zamani akaja na mpango wa reli. Ikaonekana si adabu kuendelea kumwita adui, akaitwa Jirani Tuliyekosana Naye, na kwa kuwa naye alifiwa, akapewa sekunde zake. Watewe wakabaki na arobaini. Halafu ishirini. Halafu kumi na moja. Mtukufu Rais mwenyewe alikuwa na marehemu mjomba ambaye alikuwa na nia ya kwenda vitani, naye asingeweza kuachwa hivi hivi.

*

Aliyezifikisha nne ni Bwana Chambuso, na jambo hili lilimkaa rohoni kama mwiba.

Ilikuwa miaka minane nyuma. Sehemu ya Wengineo ilikuwa ndiyo imeanza, sekunde kumi na moja, naye amesimama wima kidole kikiwa juu ya kitufe, mara siafu akamuuma nyuma ya goti. Sheria haimruhusu mpima kimya kujikuna. Alijikaza, akafumba macho, na kidole, ambacho ndicho pekee kilichokuwa na ruhusa ya kutikisika, kikatikisika. Mlio mfupi ukalia. Watewe walikuwa wamekumbukwa kwa sekunde nne.

Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kukiri kosa, akaomba radhi, akapendekeza sekunde saba zilizopotea zifidiwe mwaka unaofuata. Kamati ilimjibu kwa heshima. Ilimpongeza kwa uaminifu wake, ikaeleza kwamba kwa kuwa sekunde saba zilipotea na hakuna aliyelalamika, Kamati inaona kwamba hazikuwa na mwenyewe. Sekunde hizo saba akapewa Jirani Tuliyekosana Naye.

Lakini mlalamikaji alikuwepo. Alifika asubuhi ya kesho yake baada ya kimya kile, akapanda ngazi zote za orofa sita, akakaa kwenye benchi la nje akitweta, mpaka Bwana Chambuso alipotoka kumuuliza shida yake. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mrefu, amejifunga kanga mbili, na miguu yake ilikuwa na vumbi la safari ya siku mbili. Aliitwa Bi Kahundi. Alikuwa mjane, na alikuwa Mtewe.

"Wewe ndiye mwenye king'ora?" aliuliza.

"Ndimi, mama."

"Jana umenikata, mtani wangu. Nilikuwa nimefika kwa baba yake. Kijiji sikukitaja. Mwaka huu mume wangu hana kijiji, na kosa ni lako."

Hapa yafaa kueleza kwamba Watewe na watu wa nchi ile ni watani tangu enzi za mababu. Watani hutukanana harusini, hunyang'anyana vyakula, na mmoja akifa ni mtani wake ndiye anayeingia kaburini, anayefanya mzaha watu wasizidiwe na machozi, anayehakikisha marehemu amelazwa sawasawa. Desturi hiyo haimo katika kitabu chochote cha wizara, na kwa sababu hiyo bado inafanya kazi.

Bi Kahundi akamweleza bila kupindapinda. Mumewe alikufa Mto Mbuko na hakuna kaburi, mto ulimchukua. Siku ya kimya ndiyo maziko pekee aliyonayo. Kila mwaka anakuja, anasimama kwenye geti la upande wa Wengineo, na mlio wao ukilia anamtaja moyoni. Zilipokuwa dakika mbili alikuwa akimtaja kwa nafasi: jina lake, la baba yake, kijiji chao, ng'ombe aliyemwacha na mimba, mtoto ambaye hakumwona, na mambo mengine ya nyumbani ambayo si ya kumwambia mtani. Walipopunguza, alimwacha ng'ombe. Walipopunguza tena, alimwacha mtoto, kwa kuwa mtoto alikuwa amekua na angeweza kujitaja mwenyewe. Kwenye sekunde kumi na moja alikuwa amebakiza matatu. Buliba, mwana wa Ntandu, wa Kasolwe.

"Sasa wameziacha nne," alisema mwaka uliofuata, alipokuja tena. "Nimejaribu nyumbani. Nikisema haraka, zinatosha."

Tangu hapo, kila mwaka siku moja kabla ya sherehe, Bi Kahundi alipanda zile ngazi. Humtupia mtani wake maneno: kwamba nchi yake ni ya watu wachoyo hata kwa kitu wasichokifanyia kazi, kwamba yeye mwenyewe amekonda kwa kula sekunde za maiti. Bwana Chambuso humjibu kwamba Watewe wanapenda kimya cha watu kwa sababu kwao kila mtu ana mdomo kama debe. Wanacheka. Kisha anamshauri aandike barua, nakala tatu. Aliandika barua nane. Wizara haikuwa na jalada la malalamiko, maana ingekuwa ni kukubali kwamba yapo, hivyo zote ziliwekwa kwenye jalada la Pongezi.

*

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa mwisho kwa Bwana Chambuso; baada ya sherehe angestaafu. Wiki mbili kabla, aliitwa mbele ya Kamati kutoa maelezo ya kitaalamu.

Tatizo lilikuwa Kaskazini ya Kaskazini. Hii ni nchi ya theluji iliyozaliwa miaka kumi na miwili baada ya vita kwisha, na kwa hiyo haikupigana, jambo ambalo balozi wake alilieleza kuwa ni ajali ya kalenda tu. Ilikuwa imejenga paa la jukwaa la wageni wa heshima. Kwa paa hilo ilikuwa imepewa sekunde arobaini na sita. Mwaka huu balozi alikuwa ameandika kwamba arobaini na sita ni namba ya viatu, si namba ya heshima. Hamsini ndiyo namba ya heshima.

Waziri wa Ukumbusho, mtu mnene mwenye sauti ya kuvutia hata akiomba chumvi, alisimama kuhutubia Kamati ya watu tisa kama vile wako elfu tisa. Alisema kukumbuka ni rasilimali ya taifa, na rasilimali haipewi asiyeiendeleza. Alisema taifa lisilosahau haliwezi kukumbuka, kwa sababu kichwani hakutakuwa na nafasi. Alisema shukrani ya kweli haina haja ya muda. Wajumbe wakapiga makofi, na mmoja akaandika sentensi hiyo ya mwisho kwenye kiganja ili asiisahau. Kisha Waziri akauliza kama kuna ugumu wowote wa kitaalamu kuhamisha sekunde nne za Wengineo kwenda Kaskazini ya Kaskazini.

Bwana Chambuso hakuwahi kusema neno katika Kamati ambalo halikuwa namba. Alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Mheshimiwa, zile nne kuna mtu anazitumia."

Waziri akamtazama kwa mshangao wa kweli, akauliza ni nani. Akajibiwa ni mjane mmoja wa Kitewe. Waziri akauliza anazitumia kwa kibali gani. Hakukuwa na kibali. Akauliza kama huyo mjane ana uwakilishi, chama, ubalozi, au angalau mhuri. Bwana Chambuso akasema ana jina la mumewe. Pakawa kimya, kisichopimwa, kisha katibu akakohoa na kusema kwamba hata hivyo Wengineo hawaachwi, watakumbukwa ndani ya huzuni ya jumla, ambayo haina kikomo cha muda kwa sababu haina muda. Ikapitishwa. Bwana Chambuso alitoka pale akiwa amechoka uchovu ambao usingizi hautibu. Hata hasira hakuwa nayo. Miaka ishirini na tisa alikuwa amedhani yeye ni mkweli, kumbe alikuwa kisu tu, na kisu hakiulizwi kinakata nini.

*

Siku moja kabla ya sherehe alimsikia akipanda. Safari hii alipumzika kwenye kila orofa. Alipoingia, Bwana Chambuso alimpa kiti chake mwenyewe na maji, akasubiri apumue. Bi Kahundi akaanza utani, kwamba ngazi hizi zimejengwa na watu wa nchi hii ili wafu wasiweze kuja kudai. Bwana Chambuso hakucheka. Mtani asipocheka, mwenzake anajua kuna msiba.

"Wamezichukua zote?"

"Zote, mama."

Bi Kahundi aliyanywa yale maji taratibu mpaka yakaisha. Alisema magoti yake sasa ni kama ya Rais wao, ila yeye hakuna anayeyaandikia katiba. Alisema alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwaka huu ni wa mwisho, hatavuka tena ule mto. Alitaka tu kumuaga mumewe vizuri, kwa jina lake, baba yake na kijiji chake, halafu arudi nyumbani akangoje zamu yake.

"Kwa hiyo nimekuja kwa lipi, mtani?" aliuliza. Haikuwa lawama. Alitaka kujua.

Bwana Chambuso alitazama kitufe, akatazama dirisha. Alifikiri juu ya siafu. Alifikiri juu ya miaka sita gerezani, na mkewe ambaye hajawahi kuishi na mtu asiyefika kwa wakati. Kisha akamwomba kesho asimame mahali pale pale pa siku zote, kwenye geti la Wengineo, ambapo yeye anamwona kutoka hapa juu. Sekunde za Kaskazini ya Kaskazini zikiisha na mlio mfupi ukilia, asiondoke. Aanze.

"Ukimaliza," alisema, "kaa chini."

"Kukaa ni miaka sita."

"Kaa tu, mama. Mimi nitakuona."

*

Siku ilipambazuka na jua kali. Wageni wa heshima walikaa chini ya paa la Kaskazini ya Kaskazini, ambalo lilikuwa limetengenezwa kuhimili theluji na halikuhimili joto. Matarumbeta yalipigwa. Mtukufu Rais alisimama mbele ya sanamu ya farasi, Waziri kushoto kwake, mabalozi nyuma kwa mpangilio wa sekunde zao. Saa nne kamili mlio mrefu ukalia, na nchi ikaganda.

Mashujaa wetu, pamoja na mjomba wa Rais, sekunde themanini. Mlio mfupi. Dola Kuu, sekunde mia na kumi. Mlio mfupi. Jirani Tuliyekosana Naye, sitini. Mlio mfupi. Kaskazini ya Kaskazini, hamsini, na balozi wake alionekana kuhesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Bwana Chambuso alikuwa sahihi mpaka mwisho. Hakuna atakayesema alimnyima mtu hata robo. Sekunde ya mia tatu ilipotimia, watu walivuta pumzi wakingoja mlio mrefu wa kufunga, wapate kujikuna.

Ukalia mlio mfupi.

Macho yalishuka kwenye ratiba. Ratiba ilikuwa imekwisha. Macho yakapanda kwenye dirisha la orofa ya juu, na kule hakukuonekana kitu isipokuwa suti ya kahawia iliyosimama wima. Waziri alikuwa wa kwanza kuelewa kwamba kuna jambo, na wa kwanza kuelewa kwamba hawezi kulifanyia chochote. Kuagiza ni kusema. Kumtuma askari ni kumfanya askari atembee. Askari wenyewe, mia mbili, walikuwa wameganda na bunduki zao, wakimtazama Waziri kwa macho ya kumsihi asiwaombe wavunje sheria mbele ya televisheni. Rais ndiye angeweza kuvunja kimya, lakini kifungu cha tatu kinasema wa cheo chochote, na jaji mkuu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, hawapatani tangu uchaguzi.

Wakasimama.

Katika nchi nzima wakasimama. Mahakamani hakimu alikuwa na nyundo juu, mshtakiwa chini yake hajui amepona au amefungwa. Bwana harusi mmoja wa mkoani, aliyekuwa amefikia nusu ya "nimekubali", alipata muda wa kufikiri, na inasemekana alibadili mawazo. Uwanjani kuku mmoja, ambaye sheria haimtaji, alitoka nyuma ya jukwaa akatembea juu ya zulia jekundu lote, akadonoa kamba ya kiatu cha balozi wa Dola Kuu, akaendelea na safari yake. Magoti ya Mtukufu Rais yalianza kutetemeka. Jasho lilimshuka Waziri puani likaning'inia hapo, naye hakuruhusiwa kulifuta.

Bwana Chambuso hakuwa akiwatazama. Alikuwa akitazama geti la Wengineo. Bi Kahundi alikuwa amesimama peke yake, kanga moja begani, amefumba macho, na midomo ikimcheza kidogo sana. Ilicheza kwa sekunde nne hivi, ikakoma. Akafumbua macho, akatazama huku na huku, kana kwamba mtu amemfungulia mlango wa nyumba aliyoizoea na nyuma yake kuna chumba kingine. Akafumba tena. Midomo ikacheza tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa mpima kimya aliipindua saa kwa kile kidole chake kimoja, ikalala kifudifudi mezani. Machozi yalikuwa yakimtoka, na kwa kuwa machozi hayamo katika kifungu cha tatu, aliyaacha.

Baadaye televisheni ilisema zilikuwa dakika tisa, redio ikasema kumi na mbili, na wananchi waliokuwa na mizigo kichwani walisema ni saa nzima. Mimi sijui. Bi Kahundi alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akainama polepole, mkono mmoja chini, akakaa mavumbini. Kidole kikashuka, mlio mrefu ukalia.

*

Mtukufu Rais alibebwa. Waziri alikimbilia kwenye ngazi za orofa sita na askari wanne, na alikuwa amefika ya pili wakati balozi wa Kaskazini ya Kaskazini alipomdaka mkono, macho mekundu. Alisema katika maisha yake yote ya kidiplomasia hajaona heshima ya namna hii. Nchi yake ilikuwa ya mwisho kwenye ratiba, kwa hiyo kimya kile chote, bila shaka, kilikuwa cha kwao. Alikuwa ameomba hamsini, akapewa zaidi ya mia tano. Alisema atapiga simu nyumbani mara moja kuhusu paa la pili.

Waziri alisimama pale kwenye ngazi, mguu mmoja juu mwingine chini, akafikiri kwa sekunde zisizozidi tatu. Kisha akasema kwa sauti yake nzuri kwamba hilo lilikuwa ni wazo lake mwenyewe, na walitaka liwe la kushtukiza.

Hivyo Bwana Chambuso hakufungwa. Mtu hawezi kufungwa kwa kutekeleza wazo la Waziri. Alivishwa Nishani ya Urafiki wa Theluji daraja la pili, akapigwa picha, akaambiwa pembeni, kwa upole ambao ulimsisimua nywele, kwamba asikanyage tena ngazi zile. Magazeti yote yakaandika juu ya damu na theluji. Neno Watewe halikuandikwa, wala neno Wengineo, ambalo sasa halikuwa na kazi.

Alimkuta Bi Kahundi bado amekaa pale pale getini, anangoja miguu ikubali. Akakaa naye chini, na suti yake na nishani yake.

"Ulifika wapi, mtani?"

Bi Kahundi alinyosha miguu mavumbini. Alisema alimtaja: Buliba, mwana wa Ntandu, wa Kasolwe. Akaona bado kimya. Akataka kwenda kwa ng'ombe, akakuta hamkumbuki rangi. Akatafuta mengine, hayapo. Miaka yote ile alikuwa akimpunguza mumewe atoshe kwenye sekunde zao, na alivyompunguza ndivyo alivyobaki.

"Nikarudia yale matatu," alisema. "Nikarudia tena, kama mara hamsini. Aibu ilinishika, nikasema huyu mtani amejiweka hatarini bure, mimi sina cha kusema. Halafu nikakumbuka alikuwa akipiga chafya tatu. Kila asubuhi, akitoka nje akikutana na jua. Si mbili, si nne. Mimi nilikuwa nikizihesabu nikiwa ndani, ndipo ninawasha moto. Hapo nikamwona, mtani. Nikamwona mgongo. Nikakaa."

Bwana Chambuso akauliza kama hakuna lingine. Bi Kahundi akasema hakuna, na kwamba lingine lisingeongeza kitu. Akanyosha mkono, mtani wake akamwinua. Akavuka mto wiki hiyo na hakurudi tena.

Mwaka uliofuata katiba ilirekebishwa: kimya kikawa dakika kumi na tano, kumi kati ya hizo za Kaskazini ya Kaskazini, na Mtukufu Rais akaruhusiwa kukaa. Kwenye orofa ya juu palifungwa mashine isiyoumwa na siafu. Saa nne kamili mlio mrefu ulimkuta Bwana Chambuso uani kwake, katikati ya nyanya za mkewe, ndoo ya maji miguuni. Alikuwa ameiweka chini mapema, maana alikuwa akijua. Akangoja mpaka ulipolia mlio wa Kaskazini ya Kaskazini, akafumba macho, akataja moyoni: Buliba, mwana wa Ntandu, wa Kasolwe, aliyepiga chafya tatu kila asubuhi. Alisema taratibu, bila kukimbizana na mtu. Hata hivyo alipomaliza ilikuwa sekunde kumi na moja tu, hakuhitaji saa kulijua hilo.

Zilizobaki, dakika tisa na ushei, akawapa wale wengine elfu sita. Hakuwa na jina hata la mmoja wao, wala la baba, wala la kijiji. Akasimama tu na mikono yake pembeni, mpaka mashine ilipolia.